Wepesi Si Uhafifu: Kuchagua Kipanya cha Gemu Riyadh na Jeddah

Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta Riyadh au Jeddah, uliza kipanya cha gemu kisichotumia waya, na muuzaji atakusifia bidhaa yake kwa neno moja: khafif. Kwa Kiarabu hiyo ni sifa. Maana yake ni chepesi, kisicholemea mkono. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tulilipokea neno hilohilo likiwa limebadilika njiani. Kwetu hafifu ni kitu dhaifu, duni, kisichodumu: mwanga hafifu, afya hafifu, kitambaa hafifu. Muuzaji anasema "chepesi", sikio letu linasikia "cha ovyo".

Tumeanza na neno hilo kwa sababu limebeba swali ambalo wanachama wamekuwa wakituuliza muhula mzima. Je, kipanya cha gramu 60 kina thamani ya riyali 600? Wepesi wake ni ubora, au ni udhaifu uliotiwa rangi nzuri? Kwa mwanachuo anayeishi kwa mukafaa, swali hilo si la mzaha. Riyali 600 ni vitabu, ni chakula cha siku nyingi, na kwa wengi wetu ni pesa ambazo zingetumwa nyumbani. Kwa hiyo wenzetu wa Riyadh na wa Jeddah tuligawana kazi, tukapita madukani, tukaulizana, tukashika vipanya vya wenye navyo. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, jina lake

Wasomaji wetu walimu watataka kujua tunaandika juu ya nini hasa. Wako wanaosema kipanya, wako wanaosema puku, na mabwenini wengi husema mausi, hasa kwa kuwa Waarabu nao husema maus zaidi ya fara. Sisi tumeshika kipanya. Neno hili lina faida moja ya kisarufi ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataipenda: mnyama mdogo anayeguguna mahindi ni kipanya huyu, kwa sababu ana uhai, kifaa kilicho mezani ni kipanya hiki. Upatanisho wenyewe unatuambia kipi kina betri na kipi kina mkia.

Mkia nao una historia yake. Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English katika taasisi ya utafiti ya Stanford, Marekani, mwaka 1964, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye waya. Engelbart alikionyesha mbele ya umma tarehe 9 Desemba 1968. Tangu hapo waya huo ulikuwa sehemu ya kifaa, na kwa wachezaji wa gemu ulibaki kuwa wa lazima kwa muda mrefu, kwa sababu vipanya vya zamani visivyo na waya vilichelewa na vilikuwa vizito kwa ajili ya betri.

Wepesi ulianza kutafutwa kwa nini

Gemu za kulenga shabaha, kama Counter-Strike 2 na Valorant, zinataka mkono usafiri. Tuchukue hesabu moja. Mchezaji wa Counter-Strike aliyeweka DPI 800 na wepesi wa mwendo wa 1.0 ndani ya gemu, akitaka kugeuka mzunguko mzima, lazima asogeze kipanya karibu sentimita 52. Kugeuka nyuma tu kumtazama anayemvizia ni sentimita 26, zaidi ya upana wa karatasi ya A4. Mwendo huo hurudiwa tena na tena katika jioni moja, na kila mara kipanya hutakiwa kuanza ghafla na kusimama ghafla. Kitu kizito ni kigumu kukianzisha na kigumu zaidi kukisimamisha. Hapo ndipo gramu zinapohesabika.

Watengenezaji walilielewa hilo hatua kwa hatua. Mwaka 2018 Logitech ilitoa G Pro Wireless yenye gramu 80, na wengi waliona hapo ndipo mwisho wa wepesi kwa kipanya kisicho na waya. Mwaka 2019 Glorious ilitoa Model O, ya waya, yenye gramu 67, kwa kutoboa ganda lake matundu kama sega la nyuki. Mwishoni mwa 2020 Logitech ikaja na G Pro X Superlight: chini ya gramu 63, bila waya, na bila tundu hata moja mgongoni. Razer ikajibu kwa DeathAdder V3 Pro mwaka 2022, gramu 63, kisha Viper V3 Pro mwaka 2024, gramu 54. Yai la kuku la kawaida lina uzito wa kiasi hichohicho.

Sasa turudi kwenye hafifu. Je, kipanya cha uzito wa yai ni dhaifu kama yai? Si lazima. Uzito unaweza kupunguzwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kubuni upya: betri ndogo kwa kuwa kihisi kinatumia umeme kidogo, ganda jembamba lenye mbavu za kulishikilia kwa ndani, sakiti iliyopunguzwa. Njia ya pili ni kupunguza plastiki na kuishia hapo. Vyote viwili vitaitwa khafif kwenye boksi. Cha kwanza ni chepesi, cha pili ni hafifu, na tofauti yao huwezi kuisoma kwenye picha. Utaijua kwa kukiminya mbavuni kwa kidole gumba na cha pete. Kikilia, au ubavu ukiingia ndani hadi kitufe cha pembeni kikajibonyeza chenyewe, mrudishie mwenyewe.

Mkono kabla ya mizani

Hata hivyo, wale wenzetu walioridhika na vipanya vyao hawakutuambia kwanza habari za uzito. Walituambia habari za umbo. Kipanya chepesi kisichokaa vizuri mkononi kitakuchosha kuliko kizito kinachokaa vizuri, kwa sababu vidole vitakuwa vinakibana muda wote kisiponyoke.

Watu hushika kipanya kwa namna tatu. Wapo wanaolaza kiganja kizima mgongoni mwake. Wapo wanaogusisha kisigino cha kiganja huku vidole vimekunjwa kama makucha ya mwewe. Na wapo wanaokishika kwa ncha za vidole tu, kiganja kikiwa hewani. Mshikaji wa kiganja huhitaji kipanya kirefu chenye mgongo uliojaa. Mshikaji wa makucha anapenda nundu iliyo nyuma. Wa ncha za vidole hufurahia kidogo na kifupi. Kaa kwenye kompyuta, cheza dakika kumi bila kujichunga, kisha tazama mkono wako. Usijiulize unapenda namna gani, tazama unashika namna gani.

Kisha chukua rula. Pima kutoka mstari wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wachezaji wengi ni kwamba urefu wa kipanya uwe karibu asilimia 60 ya kipimo hicho. Mkono wa sentimita 19 unaelekea kwenye kipanya cha milimita 114 au zaidi kidogo. Mkono wa sentimita 21 unaelekea 126. Si sheria, ni mahali pa kuanzia. Kwa kulinganisha, DeathAdder V3 Pro ina urefu wa milimita 128, na Superlight milimita 125. Mwenye mkono mdogo anayenunua mojawapo kwa sababu tu bingwa fulani anaitumia, ananunua kiatu cha mtu mwingine.

Wenye kutumia mkono wa kushoto wasome hapa mara mbili. DeathAdder V3 Pro imechongwa kwa mkono wa kulia peke yake. Viper V3 Pro na Superlight zina umbo linalolingana pande zote, lakini vitufe vya pembeni viko upande wa kushoto tu, mahali pa kidole gumba cha mkono wa kulia. Utaweza kuzishika, ila vitufe hivyo vitakuwa chini ya kidole cha pete.

Na jambo la afya: kipanya chepesi hakitibu kifundo kinachouma. Maumivu yanayokuja kila ukicheza yanataka mapumziko, meza ya kimo sahihi, na daktari yasipoondoka.

Bila waya, lakini si kwa Bluetooth

Boksi likiandikwa lasilki, yaani bila waya, uliza: bila waya kwa njia gani? Vipanya vya gemu huja na kipokezi kidogo cha USB kinachotumia mawimbi ya gigahezi 2.4 kwa njia yake maalumu. Hiyo ndiyo unayoitaka. Bluetooth inafaa kuandikia insha na kupitia mihadhara, kwa kuwa hutumia betri kidogo na haichukui tundu la USB, lakini kwa gemu za kasi huchelewa. Kipanya chenye njia zote mbili kitamfaa mwanafunzi kuliko chenye moja, maana kompyuta ya gemu na ya kazi za darasa kwa kawaida ni ileile.

Kuna kero moja ya mabwenini ambayo watu huilaumu bila kuijua. Kipanya kinarukaruka, mshale unakwama, na mwenye nacho anahitimisha kuwa kimekufa. Huenda ni mzima. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yanayoonyesha kuwa vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya mawimbi katika masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Ukichomeka kipokezi kando ya diski ya nje, na chumba kizima kina ruta na vipaza sauti vya Bluetooth, mawasiliano yatavurugika. Dawa yake ni waya wa kurefushia ambao mara nyingi huja ndani ya boksi: kiweke kipokezi juu ya meza, karibu na kipanya, mbali na diski. Jaribu hilo kabla ya kurudi dukani kugombana.

Kisha utaona namba kubwa zikishindana: 1,000, 4,000, 8,000. Hizo ni mara ambazo kipanya hutoa taarifa kwa kompyuta kila sekunde. Kwa mara 1,000, taarifa hutoka kila milisekunde moja. Kwa mara 8,000, kila milisekunde 0.125. Faida iliyopatikana ni chini ya milisekunde moja. Sasa iweke kando ya mambo mengine. Skrini ya kawaida inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde hukaa na picha moja kwa takriban milisekunde 16.7. Skrini ya 144 hukaa nayo takriban 6.9. Na wengi wetu tunacheza na ndugu walioko Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, ambako ujumbe wenyewe hutumia makumi ya milisekunde kwenda na kurudi. Kumwambia mtu mwenye skrini ya 60 anunue kipanya cha 8,000 ni kumwuzia taa ya mbio mwenye punda.

Tena namba hiyo hulipwa kwa betri. Razer yenyewe inasema Viper V3 Pro hudumu hadi saa 95 ikitoa taarifa mara 1,000, na hadi saa 17 tu ikitoa mara 8,000. Mara 1,000 inatutosha.

DPI nayo ni hivyohivyo. Kihisi cha Viper V3 Pro hufika 35,000, na Superlight 2 ya mwaka 2023 ilitoka na 32,000. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Counter-Strike huweka 400 au 800. Kihisi chochote cha kisasa kinachoheshimika, Hero cha Logitech au PAW3395 cha PixArt, kitafanya hayo bila kukosea. Usilipe riyali hata moja ya ziada kwa ajili ya DPI.

Vumbi la Riyadh, jasho la Jeddah

Watathmini wengi wa vipanya huishi nchi za baridi, wala hawatuambii kipanya kinaishije hapa. Riyadh ina vumbi. Siku ya upepo, hata dirisha likifungwa, meza hupata utando. Kipanya chenye matundu mgongoni hulikusanya vumbi hilo ndani, kwenye gurudumu na kwenye swichi. Kwa wenzetu wa Riyadh tunapendekeza ganda lililofungwa, ambalo siku hizi halihitaji kuwa zito. Na pedi ya kitambaa ifuliwe, kwa kuwa vumbi lililoingia kwenye nyuzi hula vibandiko vya kutelezea vilivyo chini ya kipanya.

Jeddah ina bahari, na bahari ina unyevu. Mkono hutoa jasho hata kiyoyozi kikiwaka. Ganda laini linalong'aa huteleza; ganda lenye ukavu kidogo, au vibandiko vya kushikia ambavyo baadhi ya kampuni huweka ndani ya boksi, husaidia zaidi. Swichi nazo zichunguzwe. Swichi ya kawaida hufanya kazi kwa vipande viwili vya chuma kugusana, na vikichakaa au kuchafuka hutokea ule ugonjwa wa kubonyeza mara moja na kompyuta kusikia mara mbili. Swichi za mwanga, ambazo hukata mwale badala ya kugusanisha chuma, haziugui hivyo. Viper V3 Pro na DeathAdder V3 Pro zinazo. Superlight 2 ina mchanganyiko wa mwanga na chuma. Kwa mkazi wa Jeddah hiyo ni sababu ya kweli ya kuongeza pesa, kuliko DPI.

Ghali, rahisi na thamani

Dukani maneno yetu yanatusaidia tena. Ghali ni ghali kwa lugha zote mbili. Rakhis ya Waarabu ndiyo rahisi yetu, ila kwetu imepanuka ikabeba pia maana ya kutokuwa na ugumu. Na thaman kwao ni bei, wakati thamani kwetu ni kile kitu kinachostahili. Anayeuliza thaman anajibiwa namba. Thamani lazima uitafute mwenyewe.

Hesabu ya bei si ngumu. Riyali imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.75 tangu mwaka 1986. Viper V3 Pro ilizinduliwa Marekani kwa dola 159.99, yaani riyali 600. Bei hiyo ya Marekani haina kodi ndani yake; hapa kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15 tangu Julai 2020, kwa hiyo bei hiyohiyo inakuwa riyali 690. Ukiona duka linaiuza kwa 640, hiyo ni nafuu ya kweli. Ukiiona kwa 200 na boksi limefungwa, mashaka yaanze.

Chini ya hapo kuna ngazi mbili. Logitech G305 ya mwaka 2018 ilizinduliwa kwa dola 59.99, ambazo kwa hesabu ileile ni riyali zipatazo 259 pamoja na kodi, na leo huonekana kwa bei ya chini ya hapo. Ina gramu 99 pamoja na betri yake moja ya AA, na Logitech huihesabia hadi saa 250 za kucheza. Si nyepesi kwa viwango vya leo, lakini si hafifu hata kidogo. Uzito wenyewe unapungua ukiweka betri ya lithiamu ya AA, ambayo ni nyepesi kuliko ya alkalini.

Ngazi nyingine ni kampuni za China kama Attack Shark na VGN, zinazouza vipanya vya chini ya gramu 60 vyenye kihisi cha PAW3395 kwa sehemu ndogo ya bei ya majina makubwa. Hivi ndivyo vimebadilisha soko kwa wanafunzi. Utendaji wake mezani unakaribia wa vile vya riyali 600. Vinapopungukiwa ni kwenye programu, kwenye usawa wa ubora kati ya kimoja na kingine, na kwenye nani wa kumwendea kikiharibika.

Asli na daman

Hilo linatuleta kwenye maneno mawili ya mwisho. Muuzaji ataapa kuwa ni asli, nasi tunalijua kama asili. Usibishane naye, muombe namba ya kifaa iliyo chini ya kipanya au kwenye boksi, uiangalie kwenye huduma ya mtengenezaji, na ukifika chumbani ukiunganishe na programu rasmi. Kipanya bandia mara nyingi hakitambuliwi na programu hiyo. Mwenzetu mmoja alinunua kwenye kibanda kipanya chenye jina kubwa kwa bei ya kuchekesha. Kihisi kilikuwa cha ofisini na ndani ya ganda kilitiwa kipande cha chuma ili kionekane kina "ubora" wa uzito. Ajabu ya mambo: mghushi aliyejua kuwa watu wetu bado wanadhani kizito ndicho kizuri.

Daman ndiyo dhamana, na hapa maana haikupotea njiani. Uliza ni ya nani: ya duka, au ya wakala wa nchini? Ni ya muda gani? Na risiti lazima uichukue. Tangu Desemba 2021 risiti za maduka yaliyosajiliwa kwa kodi hutolewa kielektroniki zikiwa na msimbo wa QR. Duka linalokupa kikaratasi cha mkono limekwisha kukuambia mengi.

Kuhusu mahali, Riyadh kuna soko la kompyuta la Olaya, na kwenda huko kumekuwa rahisi kwa maana zote mbili za neno. Tangu Desemba 2024 unaweza kupanda metro ya Mstari Mwekundu kituo cha Chuo Kikuu cha King Saud, ukabadili kituo cha STC, ukachukua Mstari wa Buluu unaofuata barabara ya Olaya, kwa tiketi ya riyali 4. Jeddah wengi huanzia Mtaa wa Falastin. Miji yote miwili ina matawi ya Jarir na eXtra, ambako huwa kuna vipanya vilivyotolewa boksini. Amazon.sa na Noon zina bei nzuri, ila mkono wako hauwezi kushika picha. Shika dukani kwanza, linganisha bei baadaye.

Ukiwa dukani fanya haya: kishike kwa dakika mbili nzima bila kuzungumza, kinyanyue na kukihamisha kama unavyofanya mchezoni, bonyeza kila kitufe mara ishirini, zungusha gurudumu ukisikiliza, kisha minya mbavu zake.

Je, unakihitaji?

Kila kiangazi Riyadh hujaa mabango ya Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki. Mashindano ya kwanza yalifanyika Boulevard City kuanzia Julai 3 hadi Agosti 25, 2024, kwa zawadi zilizozidi jumla ya dola milioni 60, na ubingwa wa vilabu ukachukuliwa na Team Falcons ya hapahapa Saudia. Mabango hayo huuza vipanya vingi. Lakini tukumbuke kuwa Mosaad Aldossary, Msaudi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa FIFA mjini London mwaka 2018, alishinda kwa kidhibiti cha mkononi. Anayecheza kandanda, au anayecheza kwenye simu, hana haja ya makala hii.

Na kwa anayecheza gemu za kulenga kwenye laptopu yenye skrini ya 60, tutasema waziwazi: anza na kipanya cha riyali mia na kitu chenye umbo la mkono wako, na pedi kubwa ya kitambaa. Ukipata skrini ya 144, na ukaona kwa macho yako kuwa mkono ndio unaokuchelewesha, ndipo uangalie vile vya 600. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hatuamini kuwa walikataza kuchagua. Mkulima anayelima kutwa anajua mpini unaomtoa malengelenge. Walimkejeli yule anayemaliza msimu sokoni akipima majembe.

Shida kubwa tuliyoiona ni kwamba wengi hununua bila kushika, kwa kuwa maduka mengi hayafungui boksi. Dawa yake tunayo wenyewe. Katika mkutano ujao wa chama, Riyadh na Jeddah, kila mwenye kipanya cha gemu akilete, kiwe cha riyali 80 au 690, kizito au chepesi. Tutaweka rula, mizani ya jikoni na karatasi ya majina. Anayetaka kununua atashika vyote kabla hajatoa hata halala moja. Na walimu wetu watusaidie kupata Kiswahili cha yale ambayo bado tunayaeleza kwa kuonyesha vidole.